Nani Kapanga Mafungu?

Sokoni Kijenge, mjini Arusha, ndizi hazichanganywi. Mshare zina gunia lake, zimelazwa chana juu ya chana, bado zinatoa utomvu pale zilipokatwa. Mzuzu ziko pembeni, ndefu, zimepinda, chache kwa fungu. Kisukari zilizokwisha kuiva huwekwa mbele kabisa, usawa wa mkono wa mtoto, na muuzaji anajua anachofanya. Mteja mgeni akifika na kuuliza, "Mama, ndizi bei gani?" bei haipati kwanza. Anaulizwa: "Za nini, kaka?"

Nimeishi na swali hilo muda mrefu, na sijaona mfumo wa kuainisha vitu ulio mwepesi na mwaminifu kuliko huo. Za mtori? Chukua mshare. Za kukaanga? Mzuzu. Za kula hivi hivi njiani? Kisukari. Ukibadilisha shughuli, mafungu nayo yanabadilika, na hakuna anayegombana. Mama huyo huyo, mzuzu zikimlalia mpaka zikaiva na kuwa nyeusi, atazitoa kule pembeni azilete mbele, na jibu lake litakuwa jingine. Hajakana kwamba ni mzuzu. Kilichobadilika ni kazi inayoweza kufanywa nazo.

Wataalamu nao waliipitia njia hii, tena kwa taabu kidogo. Carl Linnaeus, Msweden aliyejitwisha kazi ya kuvipa viumbe vyote majina, aliukuta mgomba ndani ya nyumba ya vioo ya tajiri George Clifford huko Uholanzi. Ulipozaa akaandika kijitabu kizima juu yake, mwaka 1736. Baadaye, katika mpango wake mkuu wa 1753, ndizi ya kupika akaiita Musa paradisiaca, na miaka michache mbele ile tamu ya kula mbichi akaiita Musa sapientum. Ukiondoa Kilatini, amefanya lile lile la sokoni: hizi za sufuria, hizi za mkononi. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa akiongea na mteja. Aliamini anasoma mpango wa Mungu mwenyewe, na kwamba aina alizoziandika zilikuwapo tangu mwanzo wa dunia, zinasubiri mwandishi.

Hazikuwapo. Mwaka 1955, Norman Simmonds na Kenneth Shepherd, wakifanya kazi Trinidad, walionyesha kwamba yale majina mawili ya Linnaeus yote yanahusu machotara. Sehemu kubwa ya ndizi tunazokula zimetoka kwa wazazi wawili wa porini kutoka Asia, acuminata na balbisiana, peke yao au kwa kuchanganyika. Wakachagua alama 15 za mgomba: madoa kwenye shina, mfereji wa kikonyo cha jani, jinsi majani ya ua yanavyojikunja na mengineyo. Kila alama waliipa pointi kuanzia 1 hadi 5 kulingana na mzazi anayefanana naye, wakajumlisha. Mgomba wa damu ya acuminata tupu hupata 15 au karibu na hapo. Kisha wakaweka herufi, A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine, na idadi ya herufi ikaonyesha idadi ya seti za kromosomu. Mzuzu ni AAB. Ndizi ya Cavendish, ile inayojaza maduka makubwa ya Ulaya, ni AAA. Mshare, ndizi ya mtori, ni AA.

Hapo ndipo mambo yanaponoga. Kwa hesabu ya herufi, mshare na mzuzu, ambazo jikoni zote ni za moto, zimetengana. Mshare imehamia upande wa Cavendish, ndizi ambayo hakuna mtu wa Kijenge angeitia kwenye mtori akiwa na akili timamu. Tena uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba ukoo wa mshare ulichangia mbegu katika uzao wa Cavendish yenyewe. Ndugu wa damu hao, wanaishi mitaa tofauti.

Basi nani amekosea, mama wa sokoni au wenye herufi? Swali hili huulizwa sana, hasa na watu waliosoma, na mimi naona limekaa vibaya. Nje kidogo ya mji, katika eneo la Taasisi ya Nelson Mandela, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, wanazalisha mshare mpya, kwa sababu mshare wa asili wa Meru na Kilimanjaro huuawa na mnyauko, ugonjwa wa kuvu unaoingilia mizizini. Kwa kazi hiyo herufi ni lazima. Huwezi kupanga ndoa za mimea bila kujua nani ana kromosomu ngapi. Lakini mche ukishavuka ugonjwa, ukazaa, mkungu lazima uende kwenye sufuria. Ndizi isiyolainika vizuri, ngumu katikati, haitaitwa mshare na mtu yeyote hata ikiwa na AA zote za dunia. Mtafiti naye anaishia kuulizwa, za nini?

Kahawa ya Mlima Meru nayo inapita kwenye adabu kali zaidi. Inakobolewa, inapelekwa juu ya machekeche yenye matundu ya duara, na punje isiyopita kwenye tundu la milimita saba na kidogo inaitwa AA. Zinazofuata ni A, B, kushuka hadi C. Punje ya mviringo, ile iliyozaliwa peke yake ndani ya tunda ambalo kawaida hubeba mbili, inatengwa na kuitwa PB. Upepo nao hupeperusha zilizo nyepesi, zinapewa herufi zao. Chekeche halijui ladha, halijui shamba, wala halijui ni mkulima gani wa Meru aliyelala njaa msimu ule. Linajua upana tu. Hiyo si lawama, ndiyo kazi yake, na wanaoonja vikombe wapo mbele ya safari. Shida ni pale mtu anapoangalia herufi kwenye gunia akadhani ameambiwa kila kitu.

Na shida kubwa zaidi ni pale anayechekechwa anapokuwa mtu.

Upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru kuna Engare Nanyuki, nchi kavu inayotazamana na Kilimanjaro. Baada ya vita ya pili ya dunia serikali ya Kiingereza ilimteua Jaji Mark Wilson kuangalia suala la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Ardhi ilikuwa imebana kweli: tangu enzi za Wajerumani mashamba ya walowezi yalikuwa yameuzunguka Meru kama mkanda, na wenyeji wakabanwa kati ya mashamba hayo na msitu. Ripoti ilitoka 1947. Ndani yake mlikuwa na mapendekezo ya kurudisha baadhi ya mashamba kwa wenyeji, na hilo lazima lisemwe. Lakini mlikuwa pia na wazo la kuipanga ile nchi iliyo kati ya milima miwili iwe eneo moja la ufugaji la Wazungu, lisilokatwakatwa. Kwenye ramani, mashamba namba 31 na 328 ya Engare Nanyuki yalikuwa na Wameru ndani yake. Yaliharibu usafi wa rangi.

Najaribu kumfikiria yule aliyeichora ramani hiyo. Sidhani kama alikuwa mtu wa chuki. Nadhani alikuwa mtu wa mpangilio, mwenye kalamu nzuri na saa za kazi, aliyeona kwamba ng'ombe wa maziwa wa mlowezi wakipakana na ng'ombe wa Mmeru kutakuwa na magonjwa na kesi, na kwamba mistari ikinyooka kila mtu atapumua. Swali lake lilikuwa la ofisini: nitaitawalaje nchi hii kwa urahisi? Jibu akaliweka ardhini kama kwamba ardhi yenyewe ndiyo iliyosema hapa ni pa weupe.

Novemba 1951 askari walifika. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, watu wapatao 3,000 wakatolewa wapelekwe Kingori, ambako wao walikujua kuwa ni kwenye joto na maradhi. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mpaka New York. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, Mtanganyika wa kwanza kulalamika huko kwa mdomo wake mwenyewe. Kura ya kumuunga mkono katika Baraza Kuu haikufikia theluthi mbili. Wazungu wakakaa Engare Nanyuki, ingawa si kwa muda mrefu, na Kirilo aliporudi alizunguka nchi akisimulia aliyoyaona, jambo ambalo watawala hawakulitegemea.

Mlimani penyewe kulikuwa na mipango mingine ya kuwapanga watu, na haikuwa ya ofisini. Vitabu vya wakati ule vilihangaika na Waarusha: wanaongea Kimaa, kwa hiyo ni Wamasai, lakini wanalima migomba, kwa hiyo si Wamasai. Wameru wanaongea lugha iliyo jirani na Kichaga, lakini waliyachukua marika ya Waarusha, majina na taratibu. Kwa hiyo mwanaume wa Meru na mwanaume wa Arusha waliotahiriwa wakati mmoja walikuwa rika moja, na rika lilikuwa na nguvu kuliko lugha. Morani wa Talala wa pande zote mbili walikuwa pamoja usiku wa Oktoba 1896 walipowaua wamisionari Ovir na Segebrock pale Akeri. Nataja hili kwa makusudi, maana kuna mtindo wa kusimulia kwamba makundi ya kizamani yalikuwa ya upendo na ya wakoloni ndiyo yaliyoleta mkuki. Marika yalikuwa ya vita pia. Yalichokuwa nacho ni mlango: baada ya miaka, morani anakuwa mzee, anatoka kwenye fungu lile akiwa hai, anaingia jingine, na kila mtu anashuhudia. Rangi kwenye ramani ya Wilson haikuwa na sherehe ya kutokea.

Tanzania huru iliamua jambo ambalo hatulizungumzi vya kutosha. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza watu kabila na dini. Agosti 2022 karani wa sensa alipobisha hodi Kijenge aliuliza mengi: umri, elimu, choo cha aina gani, maji yanatoka wapi, mifugo mingapi. Tulihesabiwa 61,741,120 na hakuna anayeweza kukuambia kutoka kwenye hesabu hiyo Wameru ni wangapi. Uamuzi huo una maadui wake wa heshima. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walitaka kipengele cha dini kirudi, wakisema tarakimu zisizo rasmi zinatajwa ovyo na wao hawana namba ya kujibu nayo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: kutohesabiwa nako kunaweza kuwa njia ya kusahauliwa. Hata hivyo nipo upande wa karani asiyeuliza. Mwenye nyumba wa Kijenge anayepangisha chumba atauliza "Kwenu wapi?" kabla hajakuonyesha bomba lilipo, na ukijibu Rombo, au Singida, au Tarime, atakuwa na maoni yake. Hayo ni maoni ya mtu mmoja mwenye ufunguo mmoja. Yakiandikwa kwenye fomu ya serikali yanapata miguu.

Ukitaka kujua yanavyotembea, toka Kijenge, vuka mto Themi, nenda hadi kwenye majengo ya mikutano, AICC. Ni mwendo wa miguu tu. Majengo yale matatu yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977. Mwishoni mwa 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na makao yakawekwa humo. Kwa takriban miaka ishirini wakalimani, wanasheria na walinzi walipanga nyumba Njiro na Kijenge, kodi zikapanda, na watoto wa mjini wakajua maneno mawili matatu ya Kifaransa.

Kesi ya kwanza kumalizika kwa hukumu baada ya kusikilizwa ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Majaji walikuwa watatu, Laïty Kama, Lennart Aspegren na Navanethem Pillay, na hukumu ikasomwa tarehe 2 Septemba 1998, mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Wengi wanaikumbuka kwa hilo, na kwa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Mimi hurudi kwenye sehemu kavu zaidi, ile ya kuainisha.

Mkataba wa 1948 unalinda makundi manne tu: ya taifa, ya kabila, ya rangi na ya dini. Majaji wakaanza kwa kufafanua. Kundi la kabila, wakasema, ni watu wanaoshiriki lugha au utamaduni mmoja. Halafu wakawatazama Wahutu na Watutsi: lugha moja, Kinyarwanda, dini zile zile, vilima vile vile, ndoa za kuchanganyika tele. Kwa ufafanuzi wao wenyewe, hapakuwa na makabila mawili. Na kama hapakuwa na kundi, kwa herufi za mkataba, lile lililouawa liliitwaje?

Fikiria ubaya wa nafasi hiyo. Mgawanyo wenyewe ulikuwapo kabla ya wakoloni kwa namna iliyolegea, mtu akiweza kupanda au kushuka. Wabelgiji katika miaka ya 1930 wakauandika kwenye vitambulisho, kila mtu fungu lake, na mtoto akafuata la baba. Vitambulisho hivyo vikaendelea kutolewa na Rwanda huru. Mwaka 1994 vikawa ndivyo vinavyosomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Mwanasayansi angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba mgawanyo huu hauna msingi. Lakini mahakama ikisema hauna msingi, muuaji anatoka mlangoni akitabasamu: hakuna kundi, hakuna kimbari.

Majaji walipita katikati. Walirudi kwenye majadiliano ya wale walioandika mkataba, wakasema nia ilikuwa kulinda kundi lolote la kudumu, ambalo mtu huingia kwa kuzaliwa. Kisha wakaorodhesha ushahidi kwamba Watutsi walikuwa kundi la aina hiyo: vitambulisho, sheria za nchi, mila ya kufuata baba. Wakaongeza jambo moja walilolishuhudia kwa macho, kwamba Wanyarwanda waliosimama mbele yao kutoa ushahidi, walipoulizwa kabila, walijibu papo hapo bila kusita. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Kayishema na Ruzindana, mahakama hiyo hiyo ilikwenda mbele zaidi: kundi la kabila linaweza kuwa lile linalojitambua hivyo, au lile linalotambuliwa hivyo na wengine, wakiwamo watenda uhalifu wenyewe.

Maneno hayo ya mwisho huwakera watu wa sheria, kwa kuwa yanampa muuaji kalamu. Kwa maoni yangu ndiyo maneno ya kweli kuliko yote yaliyotamkwa katika jengo lile. Aliyesimama kwenye kizuizi alikuwa nayo kalamu tayari. Mahakama ilikiri tu kwamba fungu lililopangwa na ofisi, likachapwa, likabebwa mfukoni kwa miaka sitini, linaweza kumuua mtu hata kama hakuna mtaalamu awezaye kuonyesha lilipoanzia. Rwanda ya baada ya 1994 iliondoa kabila kwenye vitambulisho.

Hukumu ya Akayesu iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Mashahidi wengi wametajwa humo kwa herufi, J, H, JJ, OO, ili wasijulikane wakirudi vijijini kwao. Ulinzi huo ulikuwa wa lazima. Kwa hiyo msomaji wa Arusha leo hawezi kujua shahidi JJ aliitwa nani na wazazi wake, wala hapaswi kujua. Anachoweza kujua, kwa sababu bila hilo kesi isingesimama, ni kwamba alikuwa Mtutsi. Yupo pia shahidi KK. Yeye ameandikwa kuwa mwanamke wa Kihutu aliyekuwa ameolewa na Mtutsi, na kwa mila ambayo majaji waliitaja kama ushahidi, watoto wa ndoa ya namna hiyo huhesabiwa upande wa baba.